Gari la Familia: Sensa ya Hewa Ipimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Katika nyumba nyingi za askari, iwe kambini au katika makazi ya polisi, gari lililonunuliwa kwa mkopo ndilo mali ya thamani kuliko zote baada ya kiwanja. Gari hilo huwapeleka watoto shuleni, humfikisha mama sokoni pamoja na bidhaa zake, na mwisho wa mwezi huibeba familia nzima hadi kwa wazee kijijini. Kwa hiyo taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini inapowaka mbele ya dereva na kukataa kuzimika, si injini peke yake inayoingia mashakani. Bajeti ya nyumba nayo hutikisika. Siku hizi baba akifika gereji, jibu analopewa kabla hata bonneti haijapoa ni hili: "Sensa ya hewa imekufa, lete nyingine." Huenda fundi amesema kweli. Huenda pia amebahatisha, na gharama ya kubahatisha huko hulipwa kutoka katika fedha ya ada ya mtoto.

Sensa ya hewa ni kifaa kidogo kinachokaa katika bomba la kuingizia hewa, mara baada ya filta ya hewa na kabla ya injini. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kupima uzito wa hewa inayovutwa na injini kila sekunde. Petroli haiwezi kuungua vizuri bila hewa, na kiasi kinachofaa hujulikana: gramu moja ya petroli huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Enzi za kabureta hesabu hiyo ilijifanya yenyewe, maana hewa ilipopita katika koo jembamba ilifyonza petroli, na fundi mwenye sikio zuri aliweza kusahihisha kwa bisibisi. Wako wazee wa karakana wanaoililia enzi hiyo hadi leo, nao wana sababu. Lakini katika gari la kisasa ni kompyuta ndogo inayoamua nozeli za petroli zifunguke kwa muda gani, na kompyuta hiyo haina macho. Huamini inachoambiwa. Ikiambiwa hewa ni kidogo, nayo hutoa petroli kidogo, hata kama hewa iliyoingia kwa kweli ni nyingi.

Namna sensa inavyopima si jambo la uchawi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani, katika mfumo wake wa miaka ya 1970 ulioitwa L-Jetronic, ilitumia kibao chenye springi kilichosukumwa na hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja mfumo wa LH-Jetronic, ambamo kibao kiliondolewa na mahali pake ukawekwa waya mwembamba wa platini uliopashwa moto kwa umeme. Wazo hilo la waya moto ndilo linalotumika hata leo katika magari mengi yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani. Mama anayempoza mtoto uji aijua kanuni yake: akipuliza kidogo uji hupoa kidogo, akipuliza kwa nguvu hupoa upesi. Waya huo hushikiliwa katika joto lililo juu kuliko joto la hewa inayopita. Hewa ikija nyingi, huupoza zaidi, na umeme mwingi zaidi huhitajika ili waya usishuke joto. Kwa kuutazama umeme huo, kompyuta hujua hewa iliyopita ilikuwa na uzito gani.

Hapo ndipo vumbi linapoleta balaa. Vumbi jekundu la barabara zetu za murramu, likichanganyika na mvuke wa oili, huganda juu ya waya na kuuvika kama blanketi. Mtu aliyejifunika blanketi hausikii upepo ipasavyo. Vivyo hivyo waya mchafu, injini inapovuta hewa nyingi mlimani, huripoti kiasi kidogo kuliko kilichopita. La ajabu ni kwamba gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma polepole, hali ambayo mafundi huiita sailensa, sensa hiyo hiyo chafu mara nyingi huripoti hewa nyingi kuliko ilivyo. Yaani hudanganya mara mbili, tena kwa pande mbili zilizo kinyume. Msomaji na aikumbuke tabia hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoifichua.

Dalili zake kwa dereva hufahamika: gari hukosa nguvu mlimani, hushtuka-shtuka likikanyagwa, hunguruma bila utulivu likisimama, pengine huzimika linapokaribia kizuizi cha barabarani, na tangi huisha mapema kuliko kawaida. Tatizo ni kwamba plagi zilizochoka huleta dalili zizo hizo. Pampu ya petroli iliyodhoofu huzileta. Filta iliyoziba, bomba la mpira lililopasuka na eksozi iliyojaa masizi ndani huzileta pia. Ndiyo maana fundi anayesikiliza mlio kwa dakika mbili kisha akataja kifaa cha kununua, amepiga ramli tu.

Namba ya hitilafu nayo husomwa vibaya. Chini ya usukani wa gari la kisasa pana tundu lenye nafasi 16 za pini, ambalo Marekani ililazimisha liwemo katika magari yote mapya ya abiria kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na nchi nyingine zikafuata. Skana ikichomekwa humo huonyesha namba. P0102 humaanisha kwamba umeme unaotoka kwenye sensa ya hewa uko chini mno. P0103 kwamba uko juu mno. P0101 kwamba kipimo chake hakilingani na hali nyingine za injini. Namba inayoonekana sana ni P0171, nayo haiitaji sensa hata kidogo. Husema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Askari polisi ajua tofauti iliyopo kati ya maelezo ya mlalamikaji na hukumu ya mahakama. Namba ya hitilafu ni maelezo ya mlalamikaji. Hueleza jambo lililoonekana, wala haimtaji mwizi.

Pamoja na namba hiyo, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipoandikwa: mwendo, joto la injini, mzigo. Fundi anayeanza kazi kwa kuchomoa waya wa betri ili "taa izimike" aweza kuifuta picha hiyo yote, sawa na mtu anayedeki sakafu kabla mpelelezi hajafika. Namba ziandikwe kwanza kwenye karatasi, pamoja na hiyo picha, ndipo lifuate jambo jingine.

Kabla ya skana kuulizwa zaidi, macho hayana budi kutangulia. Kwanza ithibitike kwamba gari lenyewe lina sensa hiyo, kwani magari mengine, zikiwamo Honda nyingi, hupima shinikizo la hewa mahali pa uzito wake, na mwenye gari kama hilo hana sensa ya hewa ya kununua. Kisha filta itolewe na kutazamwa pande zote mbili. Bomba la mpira linalotoka kwenye sensa hadi kwenye throto likunjwe kwa mkono, maana ufa hujificha ndani ya mikunjo na haufunguki mpaka injini itikisike. Soketi ya nyaya za sensa ichunguzwe kama ina kutu au unyevu. Desturi ya kuoshea injini kwa maji ya nguvu kila Jumamosi imeharibu soketi nyingi kuliko zilivyoharibiwa na uzee. Na panapoishi watu pamoja na magunia ya mahindi, panya nao waulizwe. Hupenda kutafuna nyaya zilizo karibu na injini yenye joto.

Kwa mita ya umeme ya kawaida, mtu mwangalifu aweza kujua kama sensa inapata chakula chake. Katika Toyota nyingi soketi ina nyaya tano: mbili ni za kipimajoto kidogo kilichomo humo humo, moja huleta umeme wa volti 12, moja ni ya ardhi, na moja huchukua ujumbe hadi kwenye kompyuta. Ikiwa volti 12 hazifiki, au waya wa ardhi una kutu, sensa mpya itakufa njaa vile vile ilivyokufa ya zamani. Ujumbe wenyewe, katika sensa za aina hii, huwa mdogo injini ikinguruma polepole na hupanda taratibu kadiri mafuta yanavyokanyagwa. Ukirukaruka au ukikatika sensa inapogongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi, kuna waya uliolegea, aidha ndani au nje.

Yote hayo yakiwa salama, ndipo hesabu inapoingia, nayo si ngumu kwa mtoto wa darasa la saba. Chukua injini ya lita 1.8. Kila inapozunguka mara mbili huvuta hewa kiasi cha ujazo wake mara moja. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, huvuta mara 2,000, yaani lita 3,600 kwa dakika, au lita 60 kwa sekunde. Swali linalobaki ni uzito wa lita hizo, na hapo nchi ya milima hutofautiana na pwani. Mombasa au Dar es Salaam, lita moja ya hewa ina karibu gramu 1.2. Kampala, iliyo karibu mita 1,200 juu ya bahari, lita hiyo hushuka hadi kukaribia gramu 1. Kabale, karibu mita 2,000, huwa pungufu kidogo ya gramu 1. Kwa hiyo injini ya lita 1.8 katika nyanda za Uganda, ikikanyagwa hadi mwisho kwa mizunguko 4,000, ingevuta gramu 60 kwa sekunde kama kifua chake kingejaa kabisa. Hakijai, injini nzima ya kawaida hujaza kati ya asilimia 75 na 90. Basi kipimo cha kutarajia ni gramu 45 hadi 54. Fundi anayelinganisha na jedwali lililoandikwa kwa ajili ya nchi iliyo usawa wa bahari aweza kuitangaza sensa nzima kuwa mbovu, kwa kosa la kupanda mlima tu.

Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Skana huonyesha pia marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta imeongeza au kupunguza baada ya kuonywa na sensa ya oksijeni iliyo katika eksozi. Injini yenye afya hukaa karibu na sifuri. Kuyumba hadi 10 juu au chini hakuogopeshi. Namba hizo mbili zikisomwa pamoja husema mengi. Gramu zikiwa pungufu na marekebisho yakiwa juu sana kwenye mwendo wa kasi, sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyopita, na kompyuta inahangaika kufidia. Gramu zikiwa pungufu lakini marekebisho yako karibu na sifuri, sensa imesema kweli: injini imebanwa pumzi, na wa kutafutwa ni filta iliyoziba au eksozi. Gramu zikiwa sawa na hesabu, ilhali marekebisho yako juu, hewa imepimwa vizuri ila petroli haifiki; hapo pampu, filta ya petroli na nozeli ndizo za kupimwa. Na marekebisho yakiwa juu sana injini ikinguruma polepole, kisha yakashuka inapoongezwa mizunguko, kuna hewa inayoingilia mlango wa nyuma bila kupita kwenye sensa. Ufa mdogo huingiza sehemu kubwa ya hewa yote injini inapovuta kidogo, lakini ni kama tone inapovuta kwa wingi.

Mfano wa familia ya koplo mmoja wa Mbarara waweza kuonyesha jinsi hesabu hiyo inavyookoa fedha. Koplo huyo ana Toyota ya lita 1.8, na mkewe huitumia kupeleka trei za mayai Kabale mara mbili kwa juma. Mke ndiye mwenye daftari la gari. Kila petroli inapotiwa huandika lita na kilomita, na daftari lilionyesha kwamba gari lililokuwa likienda kilomita 12 kwa lita lilishuka hadi 10 katika muda wa miezi miwili. Baadaye taa ikawaka, na mlima ukawa wa gia ya pili ambapo zamani ulikuwa wa tatu. Gereji ya kwanza ilibadili plagi. Taa ikarudi. Ikabadili pampu ya petroli kwa iliyotumika, na taa ikarudi tena baada ya siku nne. Gereji ya pili ikasoma P0171 na kutamka hukumu ile ile ya siku zote: sensa ya hewa. Bei yake ilizidi kidogo fedha iliyowekwa kando kwa ajili ya muhula wa mtoto wao wa kwanza.

"Wameipima?" mke aliuliza.

Koplo hakuwa na jibu. Jumapili wakaenda nyumbani kwa sajenti mmoja mstaafu, aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi kwa miaka mingi, ambaye bado ana skana yake na subira yake.

"Afande, gereji wanasema ni sensa ya hewa," koplo alieleza.

"Huenda ni yenyewe," mzee alijibu. "Lakini kwanza nionyeshe hilo daftari la shemeji."

Alipokwisha kulisoma aliwasha injini. Likiwa limesimama, gari liliripoti gramu 3.6 kwa sekunde, ambapo injini ya ukubwa huo, ikiwa imepata moto na mitambo ya baridi imezimwa, aghalabu huvuta karibu 2. Marekebisho yalikuwa 12 chini ya sifuri. Kwa mwendo wa mizunguko 2,500 marekebisho yakageuka kuwa 24 juu. Kisha walitoka nje ya mji hadi penye mlima usio na magari, koplo akiendesha kwa gia ya pili na mzee akisoma, kwa kuwa dereva hapaswi kamwe kutazama skana huku akikanyaga mafuta. Kwa mizunguko 4,000 sensa ilisema gramu 31. Hewa nyingi kuliko kweli wakati wa kusimama, kidogo kuliko kweli wakati wa kupanda: tabia yenyewe ya waya uliovaa blanketi. Gereji ya pili ilikuwa imemtaja mhusika halisi, lakini bila ushahidi wowote, na tiba iliyoitoa ingalikuwa bure vile vile, kama ilivyoonekana mara sensa ilipofunguliwa.

Waya ulikuwa umeshikwa na utando wa vumbi jekundu na nyuzi kama za pamba. Mzee hakushangaa sana na hilo. Alichokitafuta ni njia ya vumbi, na aliipata kwenye filta. Ilikuwa mpya na safi kwa kuitazama, lakini ukingo wake ulikuwa mfupi kuliko sanduku lake, na upande wa ndani, upande ambao haupaswi kuwa na vumbi kabisa, ulikuwa na mstari mwekundu wa urefu wa kidole. Daftari la mke lilikuwa na tarehe filta hiyo iliponunuliwa: juma moja kabla ya kilomita kuanza kupungua. Sensa mpya ingewekwa nyuma ya filta ile, ingechafuka baada ya miezi miwili kama mwenzake. Koplo alinunua filta inayoenea, sensa ikasafishwa, na kipimo cha mlima ule ule kikawa gramu 47.

Mambo hayaendi hivyo kila mara. Konstebo mmoja aliyekuwa na namba hiyo hiyo ya P0171 alikwisha kununua sensa iliyotumika kabla ya kuuliza. Marekebisho ya gari lake yalikuwa 27 likisimama, na 5 tu kwa mizunguko 2,500. Bomba la mpira lilikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Sensa yake ya kwanza, iliyokuwa imetupwa katika kopo la misumari, ilirudishwa na ingali ikifanya kazi.

Liko jaribio moja linalopendwa sana na mafundi wa barabarani: injini huzimwa, soketi ya sensa huchomolewa, kisha injini huwashwa tena. Kompyuta ikikosa ujumbe wa sensa hutumia makadirio yake yenyewe kwa kutazama mizunguko na throto. Gari likienda vizuri zaidi bila sensa kuliko likiwa nayo, basi sensa ina jambo la kujibu. Jaribio hilo si baya kama hakuna skana, ila halistahili kutegemewa peke yake. Magari mengine huzimika au hukataa kuzidisha mizunguko soketi ikichomolewa, na hilo si ushahidi wa lolote. Tena huandika namba mpya ya hitilafu, ambayo fundi wa pili ataisoma kana kwamba ndiyo ugonjwa. Katika magari ya dizeli ya kisasa, ambayo pia huwa na sensa hii, mambo huwa mengine kabisa, kwa sababu huko sensa hutumika zaidi kusimamia moshi unaorudishwa ndani ya injini. Hesabu za marekebisho ya petroli hazihamishiki.

Kusafisha ni kazi ya robo saa, na huharibiwa na haraka. Injini izimwe na iachwe ipoe. Soketi itolewe kwa kubonyeza kilipu chake, si kwa kuvuta nyaya. Skrubu mbili zifunguliwe na sensa ichomolewe bila kuangusha uchafu ndani ya bomba. Ipo dawa ya kupulizia iliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, hukauka yenyewe bila kuacha mafuta. Dawa ya breki au ya kabureta isitumike, kwa kuwa yaweza kula plastiki na utando wa sensa. Ipuliziwe mara kadhaa kutoka umbali wa upana wa kiganja, waya usiguswe kwa kidole, kitambaa, brashi wala kijiti chenye pamba, na upepo wa kompresa ya kujazia matairi usikaribie. Kisha iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa, maana dawa hizo hushika moto upesi na waya ni wa moto. Watoto wasiwe karibu, na asiwepo mvuta sigara.

Kama baada ya kusafisha gramu bado ni pungufu na marekebisho bado yako juu, umeme ukiwa unafika na bomba likiwa zima, hapo sensa imehukumiwa kwa haki na yafaa kununuliwa nyingine. Namba iliyochapwa juu ya ile ya zamani ndiyo ya kwenda nayo dukani, si jina la gari, kwani sensa mbili za umbo moja zaweza kuwa na vipimo tofauti. Sensa halisi iliyotumika, ikitoka kwenye injini ya aina ile ile, mara nyingi ni salama kuliko mpya ya bei ya kutupa iliyoandikwa jina kubwa kwenye boksi. Mnunuzi amwombe muuzaji ruhusa ya kuijaribu na kuirudisha siku hiyo hiyo. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu swali.

Wakati wa kufunga, mshale ulio juu ya mwili wa sensa, kama upo, uelekee kwenye injini, na pete ya mpira ikae sawa bila kujikunja. Kibano cha bomba kikazwe. Kumbukumbu za kompyuta zifutwe sasa, kwa kuwa ushahidi umekwisha tumika, na gari liendeshwe mchanganyiko wa mjini na mlimani kwa siku mbili tatu ili kompyuta ijifunze upya. Siku ya nne skana ichomekwe tena, na marekebisho yaandikwe katika daftari kando ya lita na kilomita, pamoja na tarehe na jina la mji, ili atakayesoma akumbuke kwamba gramu za Kabale si gramu za Mombasa.